Mpishi Aliyeuchokoza Ugali

Wahubiri wa kutoka Kiminini hadi Bungoma walijua kwamba kwenye mazishi ambayo yule mama anapika, mahubiri huwa mafupi. Wachache tu walijua sababu. Alipofika mahali pa kazi, kabla hajauliza maji yako wapi wala kuni ni za mti gani, alichota unga kidogo kwa vidole, akaurusha juu, akatazama unakoelekea. Kisha akaamuru mafiga yapangwe upande ambao upepo ungepita kwanza kwenye moto, halafu kwenye hema la wageni. Wenyeji walidhani anataka wageni wasikie harufu ya chakula wakiwa wameketi. Hilo nalo lilikuwa kweli. Lakini chakula kikiiva na mhubiri bado yuko kwenye kitabu cha Mwanzo, alichukua fungu la majani mabichi ya mkaratusi, akalisukuma chini ya sufuria, akarudi kuketi na uso wa mtu anayefuata neno kwa makini.

"Mama, moshi inaenda kwa watu," nilimwambia mara ya kwanza nilipoona.

"Si ni upepo? Kwani mimi ndiye niliumba upepo?"

Siku moja huko Endebess, mchungaji mgeni alimaliza kwa sala ya sentensi moja, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola. Familia ya marehemu inamsifu hadi leo. Wanasema hawajawahi kuona mtumishi wa Mungu aliyelia na wafiwa namna ile.

Nitamwita Mpishi, kwa sababu ndivyo alivyoitwa. Wapishi wa shughuli walikuwa wengi pande zetu, na kila mmoja alikuwa na jina lake. Ukisema Mpishi, basi, bila kuongeza neno, hakuna aliyeuliza yupi. Alizaliwa wapi na alisoma mpaka darasa gani, ninajua nusu nusu, na ninayoyajua hayaelezi hata kidogo ni vipi mtu anaweza kusonga ugali wa kijiji kizima katika sufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake, na ugali huo utoke laini kama wa watu wanne.

Nilimwendea kwa sababu ya shida. Nilikuwa karani katika ghala la mahindi hapo Kitale. Ghala lilipofungwa nilibaki nyumbani Matisi na vitabu vyangu. Mimi ni mtu wa kujifundisha. Nyaya za umeme, ufugaji wa nyuki na hesabu za biashara nilizisoma mwenyewe katika vitabu vya mitumba, na sina cheti hata kimoja cha kuthibitisha. Niliketi nikafikiri kwa utaratibu ni kazi gani haiishi pande hizi, nikaona kwamba watu hawaachi kuoana na hawaachi kufa, na katika yote mawili lazima wale. Nikaamua kuwa mpishi wa shughuli.

Palikuwa na vikwazo viwili. Cha kwanza, mimi ni mwanamume. Kwetu, penye shughuli, wanaume huchinja, huchuna, huchoma na hata huchemsha nyama. Ugali ni wa akina mama. Mwanamume aliyeshika mwiko mbele ya watu ni tamasha ambalo hata maharusi hawawezi kushindana nalo. Kikwazo cha pili kilikuwa yeye mwenyewe. Kamati za harusi na mazishi hazikumpa kazi mpishi mpya mpaka Mpishi aseme maneno mawili: "Huyu anaweza." Asipoyasema, unaweza kuwa na sufuria zako, mwiko wako na aproni nyeupe, na bado utaitwa kukata kabichi tu. Na tangu watu wamfahamu, hayo maneno alikuwa hajayasema juu ya mtu yeyote.

Nilimkuta kwenye harusi, Kiminini, akikagua kuni kana kwamba ananunua ng'ombe.

"Umefukuzwa na bibi?" aliniuliza kabla sijamaliza salamu.

"Hapana, mama. Nataka kujifunza."

"Kujifunza kula?"

Akina mama waliokuwa wakichambua sukuma wiki walicheka mpaka mmoja akaangusha kisu.

"Kupika ugali ya watu wengi," nikasema.

"Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Karani wa ghala."

"Haya, Karani. Anza na ile moshi." Akanionyesha upande wa jiko ambao moshi wote ulikuwa unaelekea. "Ukae hapo. Ukilia, usitupangusie kwa chakula."

Nikakaa. Msimu mzima nilikaa upande wa moshi, kazi yangu ikiwa kusukuma kuni na kuzitoa. Niliporudi nyumbani mke wangu alisema anasikia harufu ya samaki wa kukaushwa, akamtafuta samaki mwenyewe asimwone.

Katika vitabu vyangu nilikuwa nimesoma mengi kuhusu watu waliobobea katika kazi zao. Vingi vinasema jambo moja, kwamba siri ni kurudia. Fanya, fanya tena, usichoke. Kwa hiyo nilitegemea kumwona akirudia. Nilipomtazama vizuri, niligundua kwamba hakuwahi kupika ugali kwa njia ileile mara mbili. Kila shughuli alibadilisha kitu kimoja, kimoja tu. Leo anatia unga maji hayajatokota vizuri. Kesho anaondoa figa moja na kuweka jiwe fupi, sufuria iiname kidogo. Kesho kutwa anafunika kwa majani ya ndizi badala ya bati. Nilidhani amesahau. Nikamkumbusha, kwa adabu.

"Mama, juzi jiwe haikuwa hivi."

"Najua."

"Sasa mbona umebadilisha?"

"Naichokoza."

"Unachokoza nini?"

"Ugali. Wewe Karani, ukikaa na mtu na hujawahi kumchokoza, unamjua? Utajua tu vile anasema asante. Hii ugali mimi najua vile inakasirika, najua vile inanuna, najua vile inaninyamazia ikipanga kuungua. Wale wengine wanajua tu ikiwa na furaha."

Hilo sikulisoma popote. Tangu siku hiyo nimewatazama mafundi wengi, wa magari, wa viatu, wa radio, na ninaamini kwamba kinachowatenganisha waliobobea na waliozoea ni hicho tu. Aliyezoea hurudia kazi. Aliyebobea huichokoza, kidogo, mahali ambapo ikimrukia hatakufa, kisha anakumbuka ilivyomrukia.

Tabu ni kwamba alituchokoza na sisi wanafunzi vilevile. Alikuwa mwongo wa kazi. Nje ya jiko sikuwahi kumshika na uongo, lakini akivaa aproni hakuna neno lake ungeliegemea. Angemwambia mama mmoja maji yametiwa chumvi na kumwambia mwingine hayajatiwa, kisha akaenda kuketi. Angeficha mwiko mkubwa nyuma ya migomba na kupiga kelele kwamba tumeupoteza. Angeweka gogo bichi katikati ya kuni kavu na kungoja nani atalisikia likilia motoni. Huko Endebess aliwahi kuniambia nimimine gunia lote la unga, nami nikamimina. Unga ulikuwa wa mahindi ya mwaka uliotangulia, makavu, yanayokunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mnadani. Ugali ukawa mgumu hata mwiko ukasimama wima peke yake. Ilibidi tuukate kwa panga, tuupashe na maji ya moto upya, mikono ikituuma.

"Mama, ulijua hii unga ni ya mahindi ya zamani?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuigusa? Gunia iko wazi, vidole uko nazo. Ulikuwa unaangalia mdomo yangu. Kwani ugali iko kwa mdomo yangu?"

Wengi waliacha kazi kwa ajili hiyo. Walisema ni mchoyo, anafundisha kwa kupoteza watu. Mimi sikuacha, kwa sababu niliona kwamba kila alichonidanganya juu yake, sikudanganywa tena na mtu mwingine. Na pia, kusema kweli, sikuwa na kazi nyingine.

Kuhusu idadi ya wageni alikuwa na njia yake. Mimi nilipenda kuhesabu viti. Nilizunguka hema nikihesabu safu, nikazidisha, nikamletea jibu. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akaenda kusimama kwenye lango akitazama chini.

"Unaangalia nini, mama?"

"Viatu. Hawa wa viatu safi wametoka hapa tu, watakula kidogo waende kwao kumalizia. Wale wa matope wametoka mbali, hao watakula kama trekta. Na wale wamebeba viatu kwa mkono..." Akapaza sauti nyuma yake: "Ongezeni unga, wajomba wamefika!"

Sitaki kumfanya aonekane kwamba hakukosea. Alikuwa na imani ambazo hata yeye hakuweza kuzitetea. Kuni ziliegemezwa zikitazama Mlima Elgon, zikitazama kwingine zilipangwa upya. Mtu akipiga mluzi karibu na ugali, alidai, ugali utatoka na mabonge. Niliamua kuthibitisha jambo hilo. Nilipiga mluzi, wimbo mzima, nikiwa nimeinama karibu na sufuria. Ugali ulitoka laini kabisa. Nilipomwonyesha, alinipiga na leso iliyolowa maji akasema mluzi wangu haukuwa mluzi, ulikuwa upepo tu wa mtu asiye na meno ya mbele. Meno yangu yote yapo.

Aliringa pia. Akisifiwa ugali, alisema asante. Akisifiwa nyama, ambayo wanaume ndio walioipika, alisema asante vilevile. Siku moja bibi harusi alisifiwa urembo, na Mpishi, aliyekuwa akipita na sinia, akaitikia, "Tumejaribu."

Nyumbani kwake, nje kidogo ya Kiminini, hakupika kabisa. Mumewe, mzee mpole aliyestaafu kazi ya kulinda shule, ndiye aliyechemsha chai, kukaanga mayai na kupika maharagwe. Nilipomwona mara ya kwanza akitumwa jikoni, nilistaajabu.

"Mzee, mbona wewe ndiye unapika?"

"Yeye hajui kupikia watu wawili," mzee alisema. "Mwaka ule tulioana alinipikia ugali. Tulikula mpaka Alhamisi, na jirani wakatusaidia."

Halafu kuna ile siku ya hoteli. Familia moja ya Kitale ilifanya harusi ya mtoto wao katika hoteli yenye jiko la gesi, wakasisitiza lazima apike yeye. Wali ndio uliotakiwa, siyo ugali. Alisimama mbele ya ule moto wa buluu, usio na moshi, usio na sauti, akawa kama mtu aliyeletewa ng'ombe asiye na kichwa. Hakujua aushike wapi. Wali ukawa uji. Alimlaumu bwana harusi kwa kuchelewa, akalaumu sufuria, akalaumu mji wa Kitale wote kwa jumla, akaondoka bila kuaga.

Watu walilisema jambo hilo kwa muda mrefu. Nilichokiona mimi wao hawakukiona. Baadaye nilipita nyuma ya hoteli hiyo asubuhi, nikielekea sokoni, nikamkuta Mpishi amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anasugua sufuria zao kwa majivu. Alikuwa ameomba kazi ya kuosha vyombo, bila kusema yeye ni nani. Katikati ya kusugua alikuwa anasimama, anachungulia jikoni, anarudi.

"Karani," alisema bila kushtuka, "ukisema umeniona hapa, nitakukana mbele ya mama yako."

Sikusema. Aliendelea kwenda mpaka ule moto wa buluu ukawa hauna siri kwake. Baada ya hapo alikubali harusi nyingine ya gesi, wali ukatoka punje punje, na alipoulizwa alijifunza wapi, alisema gesi ni kitu cha watoto. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kijana yeyote anayetaka kufanikiwa alijue, ijapokuwa yeye mwenyewe angelikana: mahali alipoaibishwa, alirudi kupitia mlango wa nyuma.

Sasa nije kwenye ile miaka ya mwisho.

Mpishi aliugua, homa kali iliyomlaza kitandani wiki kadhaa. Aliporudi kazini alikuwa mwepesi kama zamani, ulimi mkali kama zamani. Kitu kimoja tu kilibadilika. Ugali ulipokaribia kuiva aliniita.

"Karani, kuja unuse."

Mtu asiyejua kazi hii atauliza kwa nini pua. Katika sufuria kubwa namna ile huwezi kuona chini, na mwiko ukifika chini umechelewa. Harufu ndiyo inayotoka chini kuja kukuambia. Kwanza unasikia unga mbichi, kisha harufu ya mahindi yaliyochemka, kisha kwa muda mfupi sana harufu tamu ya ukoko unaoanza kushika. Hapo unatoa moto. Ukingoja kidogo zaidi, ugali wote unachukua moshi, na hakuna dawa.

Nilidhani ananipima. Nilinusa, nikasema bado, au nikasema tayari, naye akafanya nilivyosema. Nilifurahi. Nilijiambia kwamba hatimaye maneno yale mawili yanakaribia. Akina mama walianza kuniita Pua.

Mzee ndiye aliyenitoa gizani. Nilikuwa nimewapelekea asali, akanisindikiza hadi kwenye lango, akaangalia nyuma, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye unamnusia, sivyo?"

"Namnusia aje, mzee?"

"Hasikii harufu. Tangu ile homa. Juzi maziwa imeharibika mpaka paka imekataa, yeye amekunywa akasema tamu. Hakuna mtu anajua. Akijulikana, nani atamwita tena? Na hawezi kukaa hapa na mimi, tutauana. Nisaidie, kijana yangu. Usiseme, na usimwache."

Nilirudi Matisi nikiwaza kwa utaratibu, kama ninavyowaza mambo yote, na nikaona nimefungwa pande zote. Nilimhitaji aseme ninaweza, ili nipate kazi yangu mwenyewe. Lakini siku atakayosema hivyo nitaondoka, na siku nitakayoondoka atabaki bila pua, na jina lake litaungua katika sufuria ya kwanza. Kwa hiyo hatasema. Naye alijua ninachokitaka, maana sikukificha. Tukaendelea hivyo, shughuli baada ya shughuli. Yeye akijifanya ananipima, mimi nikijifanya napimwa.

Ili nisimwache, nililazimika kukataa kazi mbili ndogo nilizoitiwa kwa siri, bila kamati. Mke wangu aliacha kuuliza ni lini nitapika kwa jina langu.

Mara ya mwisho tulipopika pamoja ilikuwa harusi upande wa Bungoma, nyumba yenye uwanja mkubwa na hema jeupe. Shughuli zote za eneo lile zilipitia mikononi mwa shangazi wa bwana harusi, mwanamke mrefu mwenye kitenge kipya na sauti ya kuamrisha mpaka wapiga picha. Kamati ya mtu yeyote ikitafuta mpishi, ilimuuliza yeye kwanza. Asubuhi hiyo alinitazama nikifunga aproni, akamwambia Mpishi mbele yangu, "Huyu baba ni wa nyama, sio?"

"Ni wa ugali."

"Ai! Mungu atusaidie."

Na mimi, kati ya siku zote, siku hiyo hiyo niliamka na mafua. Tulikuwa tumepukuchua mahindi nyumbani, vumbi likaniingia, pua ikaziba kama chupa. Hata kahawa sikuisikia. Ningemwambia. Lakini ningemwambiaje? Kumwambia kwamba leo pua yangu haifanyi kazi ni kumwambia kwamba ninajua yake haifanyi kazi. Nikanyamaza. Niliomba pua ifunguke kufikia mchana. Haikufunguka.

Tuliteleka sufuria mbili kubwa, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilipokaribia, akaniita.

"Karani, nusa."

Niliinama juu ya mvuke. Nilivuta pumzi kwa nguvu zangu zote. Sikusikia kitu, ni joto tu.

"Bado kidogo, mama," nikasema.

"Na mimi naona bado," akasema.

Tukasimama pale kila mmoja upande wake, tumeinama, tunatazama ugali kwa uzito mkubwa. Baada ya muda akaniuliza tena. Nikainama tena. Bado kidogo. Tukaendelea kusimama.

Nilisikia hatua za haraka nyuma yangu.

"Nyinyi watu!" Alikuwa shangazi, mkono mmoja umeziba pua. "Mmesimama juu ya sufuria kama mnaombea mgonjwa, na kitu inaungua mpaka kwa hema tunasikia!"

Mpishi alichomoa gogo la kwanza, nikachomoa la pili. "Usikoroge," aliniambia taratibu. "Usiguse chini." Akalowesha mwiko, akaanza kuondoa ugali wa juu, kipande kwa kipande, kwenye sinia, mkono mwepesi kama wa mtu anayemtoa mtoto aliyelala mgongoni. Akamkatia shangazi kipande, akampa.

"Kula."

Shangazi alitafuna akiwa amekunja uso. "Hii ya juu imepona. Kidogo tu iko na moshi. Lakini ni nani alikuwa anaangalia hii sufuria?"

Akina mama wote waliacha kazi. Nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri. Nikisema ni mimi, pande hizi za Bungoma zimekwisha kwangu, na huyu mwanamke atahakikisha na Kitale wamesikia. Nikinyamaza, swali litamfikia yeye: imekuwaje Mpishi asisikie kitu kilichosikika mpaka kwenye hema?

"Ni mimi," nikasema.

"Nilijua!" Shangazi alipiga makofi mara moja. "Mwanaume kwa ugali! Niliwaambia kamati, mimi niliwaambia!"

"Wewe shangazi," Mpishi alisema, "punguza sauti kidogo, bibi harusi atadhani ni yeye." Alipangusa mikono kwenye aproni. "Huyu anaongopa. Hii sufuria ilikuwa yangu. Pua yangu ilistaafu kabla yangu. Ni miaka sasa, sisikii hata mbuzi dume. Huyu ndiye amekuwa ananinusia, na anajua, na amenyamaza, na anadhani mimi sijui kwamba anajua."

Shangazi alitazama sufuria, akanitazama mimi.

"Sasa kama yeye ndiye pua, mbona imeungua?"

"Ako na mafua. Si unasikia vile anaongea? Tangu asubuhi anaongea kama mtu amefungiwa kwa debe. Mimi nilikuwa nangoja tu anieleze."

"Mama," nikasema, "ulijua?"

"Nilitaka kuona utavumilia mpaka saa ngapi."

"Lakini ugali imeungua!"

"Si nimekuambia sisikii? Mimi ningejuaje imeanza?" Akageuka kwa shangazi. "Huyu anaweza. Harusi ya yule mtoto yenu ingine, ya mwezi ujao, mwite. Mimi usiniite, labda kama mgeni, na uniweke kwa kiti ya mbele."

"Anaweza?" shangazi akauliza. "Na hii je?"

"Hii ni yangu. Yake ndiyo ile." Akaonyesha sufuria ya pili, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutoa mvuke. "Shida ni moja. Saa hii hapa jikoni hakuna pua. Wewe uko na pua?"

"Niko nayo."

"Nimeiona. Basi leta."

Yule mwanamke aliyekuwa akiamrisha wapiga picha alisimama akitutazama. Kisha kwa mbali wageni wakaanza kupiga vijiko kwenye meza, polepole, kama watu wenye adabu ambao adabu yao inaelekea mwisho. Akavua viatu vyake vya kisigino, akafunga leso juu ya kitenge kipya, akaja kuinama upande wa moshi.

"Inanuka nini?" nilimuuliza.

"Unga."

"Unga mbichi ama ya kuchemka?"

"Sasa mimi nitajuaje? Unga!"

"Ngoja. Usitoe kichwa."

Machozi yalianza kumtoka. Mama mmoja akamletea kitambaa, akakikataa kwa mkono. Nilisukuma gogo ndani kidogo, nikasonga, nikamuuliza tena. Akasema sasa ni kama mahindi ya kuchemsha. Nikasonga tena, jasho likinidondoka kwenye mikono, nikihakikisha haliangukii ndani.

"Eh!" Akainua kichwa ghafla. "Imekuwa tamu! Inanuka kama ile ya kukwangua tukiwa watoto! Sasa tufanye nini? Mama! Tufanye nini?"

Alimgeukia Mpishi, na mimi nikamgeukia. Mpishi alikuwa amekwisha kutupa mgongo. Aproni yake ilikuwa imetundikwa kwenye mti, naye amekaa kwenye gunia tupu la unga, anamenya muwa kwa meno na kutazama maharusi wakicheza.

"Si nauliza tufanye nini!" shangazi akapiga kelele, sasa akiniangalia mimi.

"Toa moto," nikasema.